Feri ikizima katikati ya maji: "hitilafu ndogo" ni nini hasa?

Tangazo huja kwa maneno yaleyale karibu kila mara. Feri moja ya Likoni, Mombasa, imeondolewa kazini, au imesimama katikati ya kivuko, kwa sababu ya "hitilafu ndogo ya kimitambo". Abiria wanaombwa wawe na subira, mafundi wanaishughulikia. Aliye juu ya feri hiyo anasema mengine: feri imezima, inachukuliwa na maji, na tagi ya kuivuta haijafika. Aliyesimama ferini upande wa Likoni tangu alfajiri hajui angoje dakika kumi au arudi nyumbani ampigie simu mwajiri wake. Tukio ni moja, na kila anayelieleza anatumia neno lake.

Ng'ambo ya pili, Kisauni, neno hilohilo huja na umeme: stima zimepotea kutokana na "hitilafu kwenye laini". Changamwe huja na maji: mifereji imekauka kwa sababu ya "hitilafu za pampu". Pesa za simu zikikataa kwenda, mtandao una hitilafu. Neno limekuwa jibu la kila swali, na watu wameanza kuulizana kama lina maana yoyote. Wengine wanalitetea kwa nguvu, wengine hawataki kulisikia, na wako wanaosema tangu hapo limewekwa mahali pasipo pake. Inafaa kuzipima hoja zao moja moja, kwa sababu kila upande una jambo la kweli unalolishikilia.

Neno lenyewe

Hitilafu limetoka Kiarabuni, likiwa na maana ya tofauti na kutopatana. Maana hiyo haijafa pwani. Wanazuoni wakihitilafiana juu ya kuandama kwa mwezi, nyumba moja hula Idi na jirani yake akaendelea kufunga, na hakuna Mmombasa anayehitaji kufafanuliwa hitilafu hiyo ni ya namna gani. Kando yake kuna maana ya pili ambayo nayo imeingia kamusini: kasoro, dosari, jambo linalokiondolea kitu ukamilifu wake. Maana hizi mbili zina undugu. Mtambo wenye hitilafu ni ule ambao hali yake imetofautiana na hali inayotakiwa.

Cha kuangalia zaidi ni jinsi neno linavyokaa ndani ya sentensi. Husemwa "kumetokea hitilafu" au "hitilafu imejitokeza". Hakuna mtu ndani yake. Kiswahili kina njia nyingi za kulieleza jambo hilohilo, na kila njia humweka mtu karibu au mbali. "Injini imeharibika" haimtaji mtu, lakini angalau inakiri kwamba kitu hakifanyi kazi. "Imeharibiwa" inadai mtendaji. "Imeachwa ikaharibika" inamtaja aliyepaswa kuitunza bila kutoa jina lake. Msemaji anayechagua "kumetokea hitilafu" amechukua umbo lililo mbali kuliko yote na mtu yeyote. Si lazima awe na nia mbaya, ila chaguo ni chaguo.

Mtaani watu hawasemi hivyo. Feri imezima, imekwama, imekufa. Mtambo umeleta mushkili. Simu inazingua. Ni maneno ya hali inayoonekana kwa macho, nayo hayadai kujua chanzo. Kiingereza nacho kilikuwa na haja ya neno la aina hii: mwanaanga wa Marekani John Glenn aliandika mwaka 1962 kwamba yeye na wenzake walitumia "glitch" kueleza matatizo yao, na kwamba kwa asili lilikuwa jina la kuruka kwa ghafla kwa nguvu ya umeme kwenye saketi. Baadaye likapanuka hadi kuwa jina la kila kasoro ya kupita. "Hitilafu ndogo" ndiyo inayojaribu kuifanya kazi hiyo kwetu. Tatizo ni kwamba hitilafu kwa Kiswahili haijawahi kuwa neno la kitu kidogo, kwa hiyo msemaji hulazimika kuuongeza huo udogo mwenyewe.

Kwa nini bara la Mombasa

Neno hili lina uzito wake kila mahali nchini. Upande wa bara wa Mombasa una sababu za ziada za kulisikia kwa sikio kali, na kubwa kuliko zote ni maji.

Kivuko cha Likoni kina upana wa takriban nusu kilomita, na kimekuwa na huduma ya feri tangu 1937. MV Harambee, MV Kilindini na MV Nyayo zilianza kazi mwaka 1990. MV Kwale na MV Likoni zikafuata 2010. MV Jambo ikaletwa kutoka Uturuki 2017. Takwimu ambazo hutajwa mara kwa mara na wasimamizi ni za watu zaidi ya 300,000 kwa siku, na wanaokwenda kwa miguu hawalipi. Magari sasa yana njia ya kuzunguka kwa Dongo Kundu. Anayetembea kutoka Timbwani au Shika Adabu kwenda kibaruani kisiwani hana gari la kuzungushia, na nauli ya kuzunguka ingemaliza sehemu kubwa ya ujira wake wa siku. Kwake feri ni barabara, na barabara hiyo ina injini.

Kisha kuna kumbukumbu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya MV Mtongwe ilizama ikiwa imepakia watu kupita uwezo wake, na watu 272 wakafa. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lililokuwa ndani ya MV Harambee lilirudi nyuma likatumbukia baharini na mama na binti yake. Lilipoopolewa ilikuwa 11 Oktoba, baada ya siku ambazo nchi nzima ilikaa ikitazama maji. Injini iliyozima siyo inayotajwa katika matukio hayo mawili. La kwanza lilikuwa la idadi ya watu, la pili likazusha maswali kuhusu namna magari yanavyozuiwa yasiteleze na namna waokoaji walivyojiandaa. Hata hivyo ndiyo yaliyolifunza sikio la Likoni. Mtu aliyeyaona hayo akiambiwa kwamba feri aliyomo ina hitilafu ndogo, hasikii habari za bomba au fyuzi.

Kisauni ina Daraja la Nyali, lililofunguliwa 1980, kwa hiyo haimtegemei nahodha. Hitilafu yake ni ya stima: fundi wa kuchomelea kule Mtopanga hulipa vijana wake wakiwa wamekaa, na muuza samaki huona barafu ikimwisha. Changamwe iko jirani kabisa na mitambo ya kuzalisha umeme ya Kipevu, na ujirani huo haujaipa kinga yoyote gridi inapoanguka. Maji nayo yamefungamana na stima, kwani chanzo cha Baricho, Kilifi, husukuma maji kwa pampu za umeme. Hapo ndipo neno huanza kuchanganya zaidi: pampu ikiungua, hiyo ni hitilafu, umeme wa pampu ukikatwa kwa ajili ya deni, huo ni uamuzi wa watu waliokaa ofisini. Mfereji wa Chaani hukauka kwa njia moja katika hali zote mbili.

Wanaolitetea neno

Hoja ya kwanza inatoka kwa wanaoendesha mitambo na wanaoandika matangazo yake. Wanasema hitilafu ni neno la tahadhari. Katika nusu saa ya kwanza hakuna anayejua kilichotokea. Fundi mkuu mwenyewe bado yuko chini kwenye chumba cha mashine. Kutaja chanzo kabla ya uchunguzi ni kubahatisha mbele ya umma, na kumtaja mtu ni kumhukumu bila kumsikiliza. Wanaongeza kwamba watu waliosongamana juu ya chombo kinachoelea hawapaswi kutishwa.

Hoja hii ina nguvu kuliko wakosoaji wake wanavyokubali. Angalia usiku wa 25 Agosti 2023, umeme ulipopotea karibu nchi nzima na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani. Kampuni ya umeme ya Kenya Power ilitangaza kwamba mfumo ulianguka baada ya kupoteza umeme wa mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana. Wenye mitambo hiyo wakajibu kwamba wao ndio waliosukumwa nje, kwa sababu nguvu ya umeme kwenye gridi ilipanda kupita kiasi. Hapo mwananchi alibaki na maelezo mawili yanayopingana, kila moja kutoka kwa anayejua kazi yake. Hitilafu ya mtambo ikawa hitilafu ya watu, kwa maana ya kale kabisa ya neno. Tangazo linalosema "kuna hitilafu, chanzo kinachunguzwa" lingekuwa la ukweli zaidi kwa saa zile.

Udhaifu wa hoja hii uko kwenye muda. Tahadhari inastahili heshima saa ya kwanza, na pengine siku ya kwanza. Wiki ya tatu, neno likiwa bado ni lilelile na hakuna kilichoongezwa, siyo tahadhari tena. Na kasi ya maelezo inawezekana. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru, akaangukia transfoma, kituo kikapoteza zaidi ya megawati 180 na Kenya nzima ikakosa umeme kwa zaidi ya saa tatu. Kampuni ya kuzalisha umeme ya KenGen ilieleza hayo siku hiyohiyo, pamoja na picha ya tumbili mwenyewe, aliyenusurika. Watu walicheka, lakini walielewa mfuatano wote wa jambo, na waliweza kuuliza swali la maana: vipi mnyama mmoja anaweza kuizima nchi? Mwaka 2024 Shirika la Reli Tanzania nalo lilieleza kusimama kwa treni yake ya umeme kwa kuwataja ngedere na bundi. Maelezo yenye chanzo humpa raia mahali pa kushika, hata yakiwa ya ajabu.

Wanaolikataa

Upande wa pili wako abiria, wafanyabiashara na baadhi ya waandishi wa habari. Wao wanasema neno halisi ni ubovu. Chombo kilichoanza kazi 1990 kikisimama mara kwa mara, hakijapatwa na jambo, ndivyo kilivyo. Hitilafu kwa mazoea ya Kiswahili ni kitu kinachotokea, na kinachotokea kina mwanzo na mwisho. Kinachorudi kila baada ya wiki chache ni hali ya kudumu, na hali ya kudumu ina mwenye kuisababisha: aliyekata bajeti ya vipuri, aliyeahirisha kuipandisha feri chelezoni, aliyetia sahihi kwamba inaweza kuendelea.

Hili ni kweli kwa kiasi kikubwa, nami naona ndilo jambo zito kuliko yote katika mjadala huu. Marudio hubadilisha asili ya tukio. Hitilafu ya tano kwenye kifaa kilekile haifai kuitwa kwa jina lililoitwa ya kwanza.

Lakini neno ubovu likitumiwa kwa kila kusimama, lina madhara yake, na madhara hayo hayasemwi. Injini mpya kabisa huweza kunasa takataka kwenye mfereji wa maji ya kupozea. Nahodha anayesikia mlio asioujua akaiondoa feri kazini kabla haijafika katikati ya maji amefanya jambo jema. Akirushiwa matusi ya ubovu sawa na yule aliyeiacha ikazima katikati ya kivuko, safari ijayo atasitasita. Umma unaoadhibu kila kusimama hufundisha waendeshaji wasisimame, na kwenye maji hilo ndilo kosa la hatari zaidi. Hapa kuna mvutano wa kweli ambao kelele haiwezi kuumaliza: uwajibikaji unahitaji neno kali, na usalama unahitaji fundi asiyeogopa kuripoti.

Upande wa fedha pia uko, tena si mdogo. Sheria ya Nishati ya 2019 inazungumzia fidia kwa mteja aliyepata hasara kwa sababu ya huduma ya umeme. Katika mazingira hayo, kati ya "kumetokea hitilafu" na "hatukubadilisha transfoma kwa wakati" kuna uwezekano wa kesi. Mwanasheria wa shirika lolote angechagua sentensi ya kwanza, na mteja anayesoma anapaswa kukumbuka kwamba huenda sentensi hiyo iliandikwa kwa ajili ya mahakama.

Wanaotaka lugha irekebishwe

Upande wa tatu ni mdogo, wa walimu na wapenzi wa lugha. Wanaona hitilafu ibaki kwa watu na rai zao, na mitambo ipewe kasoro, dosari au mushkili. Ombi la kuliondoa neno halitafanikiwa: maana ya kasoro imekwisha kukaa, na watangazaji wa nchi zote mbili, Kenya na Tanzania, wameizoea.

Walichokiona vizuri ni kwamba tunatumia jina moja kwa vitu vitatu. Wahandisi huvitenganisha. Kuna kwanza udhaifu uliolala ndani ya mtambo, kama ufa kwenye shafti ambao bado haujafanya lolote. Kuna hali isiyo sawa inayozaliwa na udhaifu huo, kama shafti kuanza kutetema au joto kupanda. Na kuna mwisho wake, pale huduma inapokatika: feri haiendi. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa vyote vitatu. La kwanza ni kasoro, la pili ni hitilafu, la tatu ni kukwama au kuzima. Mkaguzi hutafuta kasoro, nahodha hushughulika na hitilafu, abiria hukutana na kukwama. Tangazo linalosema "feri imekwama kwa sababu ya hitilafu ya usukani" limeshatenganisha mawili kati ya matatu, bila kuongeza hata sentensi.

Udogo unapimwa na nani?

Kwangu, neno hitilafu lenyewe halina kosa kubwa. Kosa liko kwenye "ndogo".

Kitu kinaweza kuwa kidogo kwa ukubwa wa kifaa, kwa gharama ya kukitengeneza, kwa muda wa kukitengeneza, kwa idadi ya watu waliosimamishwa, au kwa hatari kilichowaletea. Mwenye mtambo hupima kwa vipimo vitatu vya kwanza. Abiria hupima kwa viwili vya mwisho. Bomba dogo la mafuta ya usukani likipasuka, fundi husema kweli kwamba ni jambo dogo: anatoa moja, anatia jingine. Mama mjamzito anayepelekwa hospitali ya Makadara, akiwa juu ya feri isiyo na usukani huku meli ya kontena ikiingia Kilindini, yuko ndani ya jambo kubwa sana. Wote wawili wanasema kweli, lakini tangazo hubeba ukweli wa mmoja tu.

Udogo wa kifaa umewahi kudanganya hata mashirika yenye wataalamu wengi kuliko yote. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilivunjika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu saba waliokuwamo wakafa. Chanzo kilikuwa kizibo cha mpira kilichokakamaa kwa baridi. Wahandisi walikuwa wameona dalili za kizibo hicho kulika katika safari za awali, na kwa kuwa safari hizo zilirudi salama, dalili zikazoeleka hadi zikawa sehemu ya kawaida ya kazi. Mwanasosholojia Diane Vaughan aliandika kitabu kizima mwaka 1996 kueleza mazoea hayo yalivyojengeka. Kila safari iliyofika salama ilihesabiwa kuwa ushahidi kwamba tatizo ni dogo. Feri iliyozima mara nne na kuvutwa salama mara nne inaweza kuwafanyia wasimamizi na abiria jambo hilohilo.

Kupima hoja hizi

Basi wanaolitetea neno wana haki ya saa za mwanzo. Wanaolikataa wana haki pale tukio linaporudi. Wa lugha wana haki kuhusu kutenganisha kasoro, hitilafu na kukwama. Haki hizi hazilingani uzito. Nikilazimika kuchagua, ninatanguliza ile ya marudio, kwa sababu hiyo ndiyo ambayo abiria hawezi kuijua bila kuambiwa. Anaona feri imesimama leo. Hana daftari la kuonyesha kwamba kifaa hichohicho kilisimama mwezi uliopita.

Kwa hiyo neno hitilafu likae, lakini lisikae peke yake. Linahitaji sehemu ya mtambo iliyohusika, saa ilipoanza, makadirio ya muda, na kama imewahi kutokea mwaka huo. Neno "ndogo" liachwe kabisa katika matangazo ya vyombo vinavyobeba watu. Msikilizaji akipewa muda na sehemu, atapima mwenyewe kama ni ndogo kwake, kisha ataamua kungoja, kupanda matatu ya Dongo Kundu, au kurudi. Gharama ipo: shirika litalazimika kuandika makadirio yatakayokosewa mara nyingine, na litalaumiwa kwa kukosea. Naona lawama hiyo ni nafuu kuliko kuwaacha maelfu ya watu wakikisia wakiwa wamesimama kwenye mteremko wa ferini.

Sheria tayari inaelekea upande huo. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nayo kikamilifu, na inazihusisha huduma za taasisi za umma sawa na za watu binafsi. Ibara ya 35 inampa raia haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 imeweka muda: siku 21 kwa ombi la kawaida, saa 48 kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Chombo kinachobeba watu juu ya maji yenye kina cha kupitisha meli za mizigo kina hoja nzuri ya kuingia katika saa hizo 48. Huduma ya feri sasa iko chini ya Halmashauri ya Bandari, na usalama wa vyombo vya majini ni kazi ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Zote mbili zinaweza kuandikiwa barua. Ombi moja kuhusu feri moja, likiuliza ni kifaa gani kilichokwama, kimekwama mara ngapi tangu Januari, na lini chombo kilikaguliwa mara ya mwisho, litaonyesha kwa feri hiyo kama kilichotangazwa kilikuwa hitilafu au ubovu.